Vyuo Vikuu vya Meksiko na Njia za Wageni: Masimulizi ya Safari kutoka Pedregal hadi Tijuana

Elimu ya juu ya Meksiko ilianza kwa kutazama ng'ambo ya bahari, na safari inayosimuliwa hapa ilikusudiwa kuyaona mahusiano yake na nchi za nje mahali yanapotendeka, yaani madarasani, katika ofisi za uandikishaji na katika mashamba ya majaribio, kwa kuwa orodha za mikataba huonyesha nani alitia saini bila kuonyesha nani alisafiri. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hiyo kilianzishwa kwa amri ya kifalme ya tarehe 21 Septemba 1551, kikafuata kanuni za Chuo Kikuu cha Salamanca cha Hispania, na kwa karne kadhaa kilichohesabiwa kuwa elimu kilikuwa kile kilichoshushwa kutoka melini. Ushirikiano wa vyuo vikuu kwa maana ya leo ni jambo jingine: ni makubaliano ambayo chuo kimoja hukubali kumpokea mwanafunzi wa chuo kingine kwa muhula mmoja au miwili bila kumtoza ada, kwa sababu mwanafunzi huyo anaendelea kulipa ada kwao, huku chuo chake kikiahidi kuyahesabu masomo ya ugenini kana kwamba yalisomwa nyumbani. Maelezo hayo ni mepesi kuyaandika, lakini kila kipande chake kina historia na gharama, na kina watu ambao wasipokitimiza hubaki karatasi.

Kituo cha kwanza kilikuwa kusini mwa Jiji la Meksiko, mwisho wa njia ya tatu ya treni ya chini ya ardhi, katika eneo liitwalo Pedregal, ambako lava iliyomwagwa na volkano ya Xitle zaidi ya miaka 1,600 iliyopita iliganda ikawa uwanda wa mawe meusi. Juu ya mawe hayo, kati ya 1949 na 1952, wasanifu majengo, wahandisi na wasanii zaidi ya sitini, ambao ramani yao kuu ilibuniwa na Mario Pani na Enrique del Moral, walijenga Ciudad Universitaria, makao makuu ya Chuo Kikuu Huru cha Taifa cha Meksiko, kinachojulikana kwa kifupisho chake cha Kihispania, UNAM. Eneo lake la kati liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007. Mtu aliyetoka mwambao wa Bahari ya Hindi huhisi kwanza uchache wa hewa, kwani jiji liko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na ngazi chache tu humfanya ahemewe. Kisha macho hukutana na Maktaba Kuu, jengo ambalo ghorofa zake za juu hazina madirisha makubwa na ambalo kuta zake nne zilifunikwa na Juan O'Gorman kwa picha za vipande vya mawe yenye rangi za asili, yaliyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Picha hizo husimulia Meksiko ya kabla ya Wahispania, enzi ya ukoloni na zama za karibuni, na mwanafunzi mgeni anayevuka uwanja kwenda kujiandikisha hupita chini ya masimulizi hayo kila siku, apende asipende.

Ng'ambo ya barabara ya Insurgentes umesimama uwanja wa michezo wa chuo hicho hicho, ambao Diego Rivera alianza kuupamba kwa sanamu za mawe bila kuimaliza kazi hiyo. Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua uwanja huo hata kama hajui kwamba ni mali ya chuo kikuu, maana ndipo Naftali Temu aliposhinda mbio za mita 10,000 na Kipchoge Keino mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya mwaka 1968, na ndipo John Stephen Akhwari wa Tanzania alipoingia akichechemea kwa goti lililofungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni, akaimaliza. Mahusiano ya chuo hiki na watu wa Afrika Mashariki yalianzia basi kwa miguu ya wanariadha, na inasikitisha kwamba njia hiyo haikufuatwa mapema na wanafunzi kwa wingi.

UNAM ina wanafunzi zaidi ya 350,000, wakiwemo wa shule zake za sekondari ya juu, na Mmeksiko anayesoma hapo hulipa ada ya senti 20 za peso kwa mwaka, kiasi kisichonunua hata peremende. Ada hiyo si masalia yaliyosahaulika. Uongozi wa chuo ulipojaribu kuipandisha mwaka 1999, wanafunzi waligoma kuanzia Aprili mwaka huo hadi Februari 2000, mkuu wa chuo akajiuzulu, na mgomo ukamalizika kwa polisi wa shirikisho kuingia Ciudad Universitaria, lakini ada ikabaki ilivyokuwa. Jambo hili lina uzito katika habari ya ushirikiano wa kimataifa, kwa sababu makubaliano ya kubadilishana wanafunzi husimama juu ya dhana ya kwamba kila upande unasamehe kitu chenye thamani inayolingana. Chuo cha nje kinachotoza maelfu ya dola kinapompokea mwanafunzi wa UNAM bure, kinasamehe fedha. UNAM inapompokea mwanafunzi wa chuo hicho, inamgawia elimu ambayo walipa kodi wa Meksiko wamekwisha kuigharimia. Mgeni anayejisajili mwenyewe, nje ya makubaliano, hutozwa zaidi ya mwenyeji, na ndiyo maana ofisi za mahusiano ya nje hutilia mkazo jina la chuo atokako mwombaji kabla ya kutazama alama zake.

Alama zenyewe huhitaji maelezo. Meksiko hupima kuanzia 0 hadi 10, na katika UNAM anayepata 6 amefaulu. Mwaka wa masomo hugawanywa katika mihula miwili, mmoja ukianza kama Agosti na mwingine kama Februari. Na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetaka kwenda nje hutakiwa awe amekamilisha sehemu kubwa ya uniti zake, yaani vipimo vya uzito wa kila somo. Kinachomwondolea mwanafunzi usingizi ni ulinganifu wa masomo: kabla hajaondoka, mratibu wa idara yake huuweka muhtasari wa somo la nyumbani kando ya muhtasari wa somo la ugenini, akasoma mada moja baada ya nyingine, kisha akaamua kama hili laweza kuhesabiwa badala ya lile. Kazi hiyo hufanyika katika vyumba vidogo vilivyojaa majalada, hufanywa na watu wasiotajwa katika sherehe za kutia saini, na kwa maoni ya mwandishi wa masimulizi haya ndiyo moyo wa ushirikiano wote. Mratibu mzembe aweza kumchelewesha kijana mwaka mzima, na mratibu makini humfungulia kijana huyo dunia.

Lugha ina nyumba yake katika chuo hicho. Mwaka 1921, wakati Mapinduzi ya Meksiko yalikuwa yametulia tu, ilianzishwa Shule ya Kiangazi kwa ajili ya wageni, hasa walimu kutoka Marekani waliotaka kujifunza Kihispania na historia ya jirani yao, na shule hiyo imeendelea hadi leo kwa jina la Kituo cha Kufundishia Wageni, kikiwa na tawi pia katika mji wa Taxco. UNAM ni miongoni mwa waasisi wa SIELE, mtihani wa kimataifa wa kupima umahiri wa Kihispania ulioanza mwaka 2016, pamoja na Taasisi ya Cervantes na vyuo vikuu vya Salamanca na Buenos Aires. Kwa hiyo Salamanca iliyotoa kanuni katika karne ya 16 leo inagawana kazi na UNAM, inayojihesabu kuwa mrithi wa chuo kilichozaliwa chini ya kanuni hizo, vikiwa sawa. Chuo pia kimejifungulia matawi nje, la kwanza San Antonio katika jimbo la Texas mwaka 1944, na baadaye katika miji mingine ya Marekani, Kanada, Ulaya na China, pamoja na ofisi iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand jijini Johannesburg.

Kutoka Pedregal msafiri alielekea kaskazini hadi Tlatelolco, ambako jengo refu lililokuwa Wizara ya Mambo ya Nje sasa ni kituo cha utamaduni cha UNAM. Katika wizara hiyo, mwezi Februari 1967, ulitiwa saini mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia katika Amerika ya Kilatini, na mwanadiplomasia aliyeusukuma, Alfonso García Robles, alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1982. Jina lake limeunganishwa na la Seneta Fulbright wa Marekani katika ufadhili wa masomo kati ya Meksiko na Marekani, ambao tume yake ya pamoja iliundwa mwaka 1990. Uwanja ulio mbele ya jengo hilo ndipo askari walipowafyatulia risasi wanafunzi tarehe 2 Oktoba 1968, siku kumi kabla ya Olimpiki kufunguliwa katika uwanja wa chuo chao. Mgeni anayepewa nafasi ya kusoma Meksiko anastahili kufika hapa mapema, asije akadhani kwamba uhuru wa vyuo kujiendesha, ambao UNAM iliupata mwaka 1929, ni pambo la kisheria.

El Colegio de México, kilicho kusini zaidi kando ya barabara iendayo mlima Ajusco, ni chuo kidogo chenye sifa kubwa, na historia yake ndiyo iliyomvuta msafiri kuliko zote. Hispania ilipokuwa vitani kati ya 1936 na 1939, serikali ya Rais Lázaro Cárdenas iliwapokea wakimbizi wa upande wa Jamhuri, ambao idadi yao ilizidi 20,000, na kwa pendekezo la Daniel Cosío Villegas ikafungua mwaka 1938 La Casa de España, yaani Nyumba ya Hispania, ili wasomi waliofukuzwa makwao wapate mahali pa kufanya kazi mpaka vita viishe. Vita viliisha vibaya kwao, kurudi kukashindikana, na mwaka 1940 nyumba hiyo ikageuzwa kuwa chuo cha kudumu chini ya mwandishi Alfonso Reyes, aliyekiongoza hadi kifo chake mwaka 1959. Mwanafalsafa José Gaos na wenzake waliwafundisha Wameksiko waliokuja kuwa walimu wa kizazi kilichofuata, na hakuna mkataba wa kubadilishana wahadhiri uliowahi kuipa nchi hiyo faida ya kiasi hicho.

Mwaka 1964, kwa msaada wa UNESCO, chuo hicho kilifungua sehemu ya masomo ya Mashariki, ambayo ilikua na kuwa Kituo cha Masomo ya Asia na Afrika, na jarida lake la kitaaluma limekuwa likitoka tangu 1966. Ukuaji wake uliambatana na siasa za wakati ule: katika miaka ya 1970 serikali ya Luis Echeverría ilitaka kuzisemea nchi za Dunia ya Tatu katika Umoja wa Mataifa, na Oktoba 1981 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa viongozi waliokutana Cancún kuzungumzia uhusiano wa nchi tajiri na nchi maskini. Taifa linalotaka kuzungumza na Afrika linahitaji watu wanaoijua, nao hawapatikani kwa kununua vitabu vya watu wengine. Programu ya uzamili ya kituo hicho humtaka mwanafunzi ajifunze lugha ya eneo alilolichagua sambamba na historia na siasa zake, na anayechagua Afrika hujifunza Kiswahili.

Msomaji wa makala haya ana haki ya kusimama hapa kidogo. Vijana kutoka Oaxaca, Veracruz au Bogotá, ambao wengi wao hawajawahi kuiona Afrika, huketi katika jengo la zege lililosanifiwa na Teodoro González de León na Abraham Zabludovsky, wakijifunza upatanisho wa kisarufi na ngeli za nomino, bila mtu yeyote kuwaahidi kwamba ujuzi huo utawapatia ajira. Matamshi hayawasumbui, kwa kuwa irabu tano za Kihispania zinakaribiana sana na zetu. Ngeli ndizo huwatoa jasho. Wanavuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuazima Kiingereza kama daraja, na wanapofika kwenye hati na magazeti ya Afrika Mashariki huyasoma kwa macho yaliyozoea historia ya ukoloni mwingine. Ubadilishanaji uliokamilika ungewakuta vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi wakiisoma Meksiko kwa bidii hiyo hiyo, wakiwa na dawati lao, maktaba yao na walimu wao wa Kihispania. Mwandishi anaamini kwamba hilo ndilo pungufu kubwa katika uhusiano huu, na kwamba kulijaza kunawezekana kwa gharama ndogo kuliko ya kongamano moja.

Basi la kwenda Texcoco huondoka katika stesheni ya mashariki ya jiji na kupita mitaa isiyoisha kabla ya mashamba kuanza. Huko ndiko kilipo Chuo Kikuu Huru cha Chapingo, kilichorithi Shule ya Taifa ya Kilimo ya mwaka 1854, na kilichohamishiwa katika shamba kubwa la kale mwaka 1923, mapinduzi yalipokuwa yakijaribu kutimiza ahadi yake ya kuwapa wakulima ardhi. Katika kanisa dogo la shamba hilo Diego Rivera alichora kuta na dari zote, akiweka mbegu, udongo na kazi ya mikono mahali ambapo palikuwa na watakatifu. Chapingo huwapokea vijana wengi wa familia za wakulima kutoka majimbo yote, huwalaza na kuwalisha, na wengi wao huanzia kwenye kiwango cha sekondari ya juu hapo hapo. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa katika kijiji cha Wamixteki au Wazapoteki aweza kufika mwaka wa mwisho akiwa anajiandaa kwenda kufanya mafunzo ya vitendo katika nchi ya kigeni ambayo wazazi wake hawajawahi kuisikia.

Jirani na chuo hicho, mahali paitwapo El Batán, ndipo yalipo makao makuu ya CIMMYT, Kituo cha Kimataifa cha Kuboresha Mahindi na Ngano, kilichoanzishwa mwaka 1966 kutokana na programu iliyoanza mwaka 1943 kati ya serikali ya Meksiko na Wakfu wa Rockefeller, na ambacho mtafiti wake Norman Borlaug alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970. Hapa uhusiano na Afrika Mashariki hauhitaji kutafutwa. Mahindi yalitokana na nyasi ya porini iitwayo teosinte, ambayo wakulima wa kusini mwa Meksiko walianza kuikuza yapata miaka 9,000 iliyopita, na leo ugali wa Morogoro na wa Eldoret hutegemea mmea huo kiasi kwamba wengi hawajui ulikuja kutoka ng'ambo. Benki ya mbegu ya El Batán huhifadhi aina zaidi ya 28,000 za mahindi katika vyumba vya baridi kali, na mtaalamu wa kuzalisha mbegu anayetafuta ustahimilivu dhidi ya ukame au ugonjwa huanza kwa kutafuta humo. Ugonjwa hatari wa kukausha mahindi ulipogunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011, kituo hicho kilishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya kujenga mahali pa kuchunguzia mbegu zinazoustahimili huko Naivasha, na kazi hiyo ilianza mwaka 2013. Mradi mwingine wa mahindi yanayostahimili ukame ulizihusisha nchi 13 za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda.

Watafiti wa Kiafrika wamekuwa wakifika El Batán kwa mafunzo kwa miongo mingi, na wa Meksiko wamefika Nairobi, bila kelele za magazeti. Ushirikiano huu umedumu kwa sababu mbegu haidanganyi: ukivunja mawasiliano msimu mmoja, jaribio linaharibika, na mkulima wa mwisho wa mnyororo hukosa chakula. Ikilinganishwa na hati nyingi za makubaliano ambazo wakuu wa vyuo hutia saini na kuziweka katika fremu, kazi ya Texcoco inaonyesha kwamba vyuo hushikamana vizuri zaidi pale ambapo kuna kitu cha kufanya pamoja ambacho upande mmoja peke yake hauwezi kukikamilisha.

Cholula, iliyo mashariki ya jiji chini ya volkano ya Popocatépetl, ina piramidi kubwa kuliko zote duniani kwa ujazo, ambayo mgeni huidhania kilima chenye kanisa juu yake. Chuo Kikuu cha Amerika cha Puebla, ambacho ni cha binafsi, kilihamia hapo mwaka 1970, lakini kilianza mwaka 1940 katika mji mkuu kwa jina la Mexico City College, kikifundisha kwa Kiingereza kwa mtindo wa vyuo vya Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wastaafu wa Marekani waliokuwa wakilipiwa masomo na serikali yao waligundua kwamba fedha hizo zinatosha maisha mazuri zaidi kusini mwa mpaka, wakaja kwa wingi, akiwemo mwandishi William Burroughs, aliyejiandikisha hapo kusoma mambo ya kale ya Meksiko. Mwaka 1959 chuo hicho kilipata ithibati ya chombo cha kusini mwa Marekani kinachothibitisha ubora wa vyuo. Ithibati, yaani uthibitisho kwamba masomo na walimu wamefikia kiwango kilichowekwa, hurahisisha uhamisho wa uniti kuliko urafiki wowote wa viongozi, ingawa pia humfanya mwenye kuitoa awe mwamuzi wa mwenye kuipokea, na uzito huo hauko sawa pande zote mbili.

Puebla yenyewe ina kiwanda cha Volkswagen tangu miaka ya 1960, na hivyo Kijerumani husikika katika vyuo vya uhandisi vya mji huo. Kwa upande wa Ufaransa kuna MEXFITEC, programu iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo haimchukui mwanafunzi mmoja mmoja: shule ya uhandisi ya Ufaransa na ya Meksiko huandaa mradi wa pamoja, hukubaliana mapema ni masomo gani yatahesabiwa, kisha hupelekeana wanafunzi kwa mwaka mmoja. Mpango wa kikanda wa Muungano wa Pasifiki, unaoziunganisha Chile, Kolombia, Meksiko na Peru tangu 2011, nao hutoa nafasi za kubadilishana miongoni mwa nchi hizo, na una faida ya kutohitaji kujifunza lugha mpya.

Karatasi za uhamiaji hazina budi kutajwa, kwa kuwa ndizo huamua nani anaondoka. Raia wa nchi nyingi za Afrika anayekwenda kusoma kwa zaidi ya siku 180 huomba viza ya ukaaji wa muda ya mwanafunzi katika ubalozi, ambao kwa Afrika Mashariki uko Nairobi, akiwa na barua ya kupokewa na chuo na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Akishafika hupewa siku 30 za kuibadilisha viza hiyo kuwa kadi katika Taasisi ya Taifa ya Uhamiaji. Wizara ya Mambo ya Nje ya Meksiko imekuwa ikitoa ufadhili kwa wageni, hasa wa shahada za juu na utafiti, na tangazo lake hupitia ubalozi huo huo.

Monterrey, mji wa viwanda ulio kaskazini chini ya mlima wa Cerro de la Silla, ni nchi nyingine ndani ya nchi. Taasisi ya Teknolojia ya Monterrey, iliyoanzishwa mwaka 1943 na wenye viwanda wakiongozwa na Eugenio Garza Sada, ilipata ithibati ya Marekani mwaka 1950, na kwenda ng'ambo kwa muhula mmoja kumekuwa desturi kwa wanafunzi wake, ambao wazazi wao wengi wanaweza kulipia nauli. Tofauti na Chapingo ni kubwa mno. Mwanafunzi wa chuo cha umma aliyechaguliwa kwenda Ulaya na kusamehewa ada bado anahitaji tiketi, bima, kodi ya nyumba na fedha za kuonyesha ubalozini, na akikosa hivyo nafasi yake hupita kwa mwingine. Hivyo ubadilishanaji unaosemwa kuwa wazi kwa wote huwachuja watu kwa kipato kabla ya kuwachuja kwa akili. Kasoro hii ndiyo inayostahili hasira kuliko zote.

Mji huo pia unakumbuka Machi 2010, ambapo wanafunzi wawili wa shahada ya juu waliokuwa na ufadhili wa ubora waliuawa na wanajeshi mlangoni mwa chuo wakati wa makabiliano na wahalifu, kisha wakasingiziwa kuwa wahalifu wenyewe. Serikali iliomba radhi hadharani mwaka 2019. Vita dhidi ya magenge ya dawa za kulevya vilivyoanza mwishoni mwa 2006 viliwakimbiza wageni: wanafunzi wa Marekani waliokuja kusoma Meksiko kwa muda walikuwa karibu 10,000 kwa mwaka katikati ya muongo huo, na miaka michache baadaye wakawa chini ya 5,000. Mwaka 2014 serikali ya Meksiko ilitangaza mpango wa kupeleka wanafunzi 100,000 Marekani na kupokea 50,000 ifikapo 2018. Wengi wa waliopelekwa kwa fedha za mpango huo walikwenda kozi za Kiingereza za wiki chache, na idadi ya Wameksiko waliosajiliwa kwa masomo kamili nchini Marekani ilibaki karibu na 15,000. Lengo lilikuwa limewekwa kwa kuhesabu vichwa, na vichwa vilivyohesabiwa havikupewa muda wa kutosha kujifunza.

Tijuana, mwisho wa safari, ina ubadilishanaji wa kila siku. Tangu 1994 Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego kimeshirikiana na Chuo Kikuu Huru cha Baja California na chuo cha binafsi cha CETYS katika programu ya shahada mbili, ambayo mwanafunzi husoma sehemu ya miaka yake kila upande wa mpaka, kwa Kihispania na Kiingereza, na kumaliza akiwa na vyeti vya nchi zote mbili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 iliweka aina ya viza kwa Wameksiko na Wakanada wanaolala kwao na kuvuka mpaka kwenda darasani, nao huamka usiku kupanga foleni kwenye kivuko cha San Ysidro, wakiwa na daftari katika mkono mmoja na pasipoti katika mwingine.

Kando ya barabara ya Ensenada kuna El Colegio de la Frontera Norte, kilichoanzishwa mwaka 1982 kuchunguza mpaka na uhamaji. Tangu 2016 watafiti wake wamelazimika kuwatazama pia watu waliofika mjini kutoka Haiti na kutoka nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo, ambao walilenga kuvuka na wakakwama. Baadhi ya vijana wa Haiti waliamua kubaki na wakaingia vyuo vikuu vya Tijuana, bila mkataba wowote kati ya nchi yao na mji huo, huku wengi wakiwa wameacha vyeti vyao njiani. Sheria ya elimu ya Meksiko ilirekebishwa mwaka 2017 kurahisisha utambuzi wa masomo yaliyosomwa nje, kwa kuwafikiria hasa vijana wa Kimeksiko waliorudishwa kutoka Marekani, na marekebisho hayo yaliwafungulia mlango hata watu ambao wabunge hawakuwafikiria. Kwa kila mmoja wao kuna mratibu anayekaa na orodha ya masomo iliyoandikwa kwa Kifaransa au kwa kumbukumbu tu, akimwuliza mwombaji alisoma nini katika fizikia ya mwaka wa kwanza, na kuamua kama atampangia mtihani wa kumpima au atamwandikisha moja kwa moja katika muhula unaofuata.